Kadi yako haiumwi, aliyeandika gemu ndiye mvivu

Nilikuwa nimeahidi kumalizia ile mada ya hifadhidata, lakini leo naiweka kando. Kaskazi imekaza huku Kisauni, chumba kinachemka, na mimi mwenyewe nimechemka. Wenye kupenda lugha laini waruke makala hii, wasubiri nyingine.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja jirani yangu hapa Mishomoroni aliuza kadi yake ya grafiki. GTX 1060 ya gigabaiti 6, aliyoinunua mtumba kwa akiba ya miezi minane ya kuendesha tuktuk. Kaiuza kwa bei ya kutupa, hata theluthi ya pesa aliyoinunulia haikufika. Kisa? Kila akicheza, baada ya dakika ishirini joto linapanda mpaka nyuzi 83 na kugota hapo hapo, gemu inaanza kukwamakwama, feni zinalia kama posho mili. Fundi wa kwanza akasema pesti ya kwenye chipu imekauka, akapaka mpya, akalipwa. Fundi wa pili akaifuta ile mpya, akapaka mpya zaidi, akalipwa. Kisha kijana akauziwa feni tatu za kung'aa rangi rangi, zikawekwa, sanduku likapendeza kama harusi... joto lile lile. Fundi wa tatu akamwambia, "Hii imeshaungua, iuze mapema kabla haijazima kabisa."

Mimi nilikuja kujua ikiwa imeshakwenda. Nikamuuliza swali moja tu: "Ulikuwa unacheza kwa fremu ngapi kwa sekunde?"

Akanitazama kidogo. "Sijui, kaka. Zote."

Zote! Neno hilo ndilo limenikosesha usingizi. Yeye hana kosa, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba fremu zina bei. Kosa ni la watu watatu, na wa tatu ni sisi tunaoandika programu. Nitawafikia.

Kwanza hiyo 83. Ile si namba ya ugonjwa. Kadi za NVIDIA za kizazi hicho, kilichotoka 2016, zimepangwa kiwandani zilenge nyuzi 83. Zikifika hapo zinajipunguzia mwendo zenyewe ili zisipite, na mwisho uliotajwa na kampuni kwa 1060 ni nyuzi 94. Kwa hiyo kadi ya yule kijana ilikuwa inafanya kazi yake barabara kabisa. Ilikuwa inajilinda. Mafundi watatu waliitazama kadi nzima, inayojilinda vizuri, wakaiandikia cheti cha kifo.

Sasa hesabu. Usikimbie, ni ya darasa la sita. Feni haitengenezi baridi. Feni inahamisha joto kutoka kwenye chipu na kulitia kwenye hewa, basi. Kwa hiyo kadi haiwezi kamwe kuwa na baridi kuliko hewa inayoivuta. Feni zikizunguka kwa kasi ile ile, tofauti kati ya joto la chipu na joto la hewa inategemea wati ambazo kadi inakula. Tuseme jamaa yuko Ulaya, chumba chake kina nyuzi 20, kadi yake inakula wati 120 na inakaa kwenye nyuzi 65. Tofauti ni 45. Mchukue huyo jamaa na kadi yake umlete Mtopanga mchana wa mwezi wa Machi, chini ya mabati, chumba kikiwa na nyuzi 34. Thelathini na nne ongeza arobaini na tano... 79. Kompyuta umeichomeka ndani ya kabati la meza kwa kuogopa vumbi, hewa ya ndani imefika 40? Ni 85. Kwa maneno mengine ushaigonga ile 83, na kadi yako imeanza kujipunguza. Hakuna kilichoharibika. Umehama tu nchi.

Ndiyo maana nina ugomvi na mtu wa kwanza, yule wa video. Vijana wetu wanajifunza kupoza kompyuta kutoka kwa watu wanaopima kadi katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 22, mara nyingine huku wamevaa sweta. Wanasema kadi ikizidi nyuzi 75 ujue kuna kasoro. Kwao, huenda. Kwetu Mombasa kati ya Desemba na Machi mchana unagonga 32, 33, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 24. Ushauri ule hapa ni sawa na kumshauri mtu wa Likoni anunue koleo la kuzolea theluji. Halafu mwisho wa video kuna feni za kuuza, bila shaka.

Mtu wa pili ni fundi. Si mafundi wote, wapo wazuri na nawajua. Lakini yule anayepaka pesti kabla ya kupima chochote, huyo ni mganga wa kupiga ramli. Pesti hukauka kweli, na kwa kadi ya miaka sita au saba kubadilisha ni jambo la maana. Mara moja. Ikibadilishwa na joto likabaki lile lile, tatizo si pesti, na kubadilisha mara ya pili ni kumlia mtu pesa.

Hapa nimpe fundi haki yake, maana mazingira yetu ni magumu kweli. Ukiwa Changamwe, upande wa Magongo ama Chaani, trela za bandarini zinapita usiku na mchana, na lile vumbi lililochanganyika na moshi wa dizeli linaingia kwenye mapezi ya kadi na kushikana kama ugoro. Ukiwa Likoni karibu na bahari, hewa ina chumvi na unyevu, na chumvi na unyevu na chuma hazijawahi kuwa marafiki. Kwa hiyo kusafisha ni lazima huku kwetu, mimi nasafisha kila miezi mitatu. Ukipuliza kwa blowa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, kwa sababu kuizungusha feni ndogo kwa upepo mkali ni kuua beringi zake. Na kule kuacha sanduku wazi ubavuni na kuelekeza feni ya mezani... nakiri kunapunguza nyuzi kadhaa. Nami nimefanya. Ila unalipa kwa vumbi na chumvi, na baada ya mwaka utakuja kulia. Msiniulize nimejuaje.

Lakini hata ukisafisha mpaka kadi ing'are kama sahani ya Idi, bado unapigana upande usio wake. Wati zote zinazoingia kwenye kadi zinatoka zikiwa joto. Zote. Haziendi kwenye picha, wala haziendi kwenye mpira unaoingia golini. Kompyuta ya gemu ya kawaida ikila wati 250, umewasha jiko la wati 250 chumbani. Mtu aliyekaa tu ametulia hutoa kama wati 100 za joto. Kwa hiyo ni kama umealika watu wawili na nusu ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, na hawaondoki. Ukiongeza feni kwenye sanduku, unawatoa haraka kutoka kwenye sanduku na kuwaleta ulipokaa. Saa mbili baadaye hewa ya chumba imepanda, na ndiyo hewa hiyo hiyo kadi inaivuta tena. Wazee waliojenga zile nyumba za mawe kule Mji wa Kale, kuta nene na dari juu, hawakuwa na kadi za grafiki lakini hesabu ya joto waliijua kuliko sisi wa mabati na madirisha ya kioo.

Basi dawa ni moja: usilitengeneze hilo joto kwanza. Na hapo ndipo namfikia mtu wa tatu, ambaye ni mwenzangu wa kazi. Ni mimi.

Gemu ni kitanzi. Soma vitufe, songesha ulimwengu, chora picha, rudi mwanzo. Usipoiambia programu isubiri, haitasubiri. Itachora picha nyingine papo hapo, na nyingine, na nyingine, kwa nguvu zote za kadi, hata kama skrini yako ina uwezo wa kuonyesha 60 tu kwa sekunde. Na hebu niambieni ukweli, wangapi kati yenu mna skrini ya zaidi ya hertsi 60? Wengi wetu tuna zile Dell na HP za eks-UK. Hizo ni 60. Gemu ikichora fremu 140, zile 80 hazikuonekana na kiumbe yeyote. Zimechorwa, zimelipiwa tokeni, zimekupikia chumba, zimetupwa.

Kibaya zaidi ni menyu. Menyu! Ile skrini yenye maneno manne na picha nyuma. Kwa kuwa ni nyepesi kuchora, kadi inaichora mara mia nyingi kwa sekunde. Umeenda kuswali, umeacha gemu kwenye menyu, umerudi umekuta kadi imechemka kuliko ulivyoiacha vitani. Niliwahi kudhani ni mimi tu ninayeliona hili, mpaka nikasoma kisa cha StarCraft II. Gemu ile ilipotoka Julai 2010, watu walilalamika kadi zao zinachemka kwenye menyu. Blizzard wenyewe walikiri kwamba skrini zenye vitu vichache zinaweza kuchemsha kompyuta ambayo upozaji wake hautoshi, wakawaambia watu waongeze mistari miwili kwenye faili la mipangilio ili kuweka kikomo cha fremu. Mistari miwili! Yaani dawa ilikuwa ni mistari miwili, na kampuni kubwa kiasi kile haikuiweka tangu mwanzo.

Utasema ni mambo ya kale, tumejifunza. Hatukujifunza. Julai 2021 Amazon walifungua majaribio ya gemu yao New World, na baadhi ya wenye RTX 3090, kadi iliyouzwa rasmi kwa dola 1,500 ilipotoka, waliona kadi zao zikifa, wengine wakiwa kwenye menyu tu. Tuwe wa haki: EVGA, ambao kadi zao ndizo zilizotajwa zaidi, walikuja kueleza kwamba idadi ndogo ya kadi zao zilikuwa na kasoro ya kulehemu, na wakawabadilishia watu. Kwa hiyo kadi zilizokufa zilikuwa na ugonjwa wake. Lakini Amazon nao walifanya nini? Walitoa toleo jipya linaloweka kikomo cha fremu kwenye menyu. Miaka kumi na moja baada ya StarCraft II, mistari ile ile miwili.

Na sisi huku ndio tunaoumia kwanza, kwa sababu aliyeandika gemu alikuwa na ofisi yenye AC, na uzembe wake hauonekani kwenye nyuzi 21. Unaonekana Mtongwe. Kwake ni feni kuongeza sauti kidogo, kwa kijana wa tuktuk ni miezi minane.

Nitajibu mawili kabla hamjaniandama.

La kwanza, "Chipu imetengenezwa ivumilie nyuzi 90, kwa nini unatutia hofu?" Ni kweli, chipu inavumilia. Lakini kadi si chipu peke yake. Kuna kumbukumbu pembeni, kuna sakiti za kugawa umeme, kuna feni zenye beringi, na kuna mamia ya viungio vidogo vya risasi ya kulehemu vinavyotanuka kadi ikichemka na kusinyaa ikipoa. Wenye umri wangu mnaikumbuka Xbox 360 na ile duara nyekundu ya mauti. Viungio vilipasuka kwa joto la kupanda na kushuka, na mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya marekebisho. Ile haikuwa kadi iliyofika nyuzi 94. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila siku. Kadri mlima unavyokuwa mfupi ndivyo viungio vinavyoishi.

La pili ni la wapiganaji wa Counter-Strike na Valorant: "Fremu nyingi zinapunguza ucheleweshaji hata kwenye skrini ya 60." Nakubali, hilo ni kweli kisayansi, picha inayofika skrini inakuwa mpya zaidi. Ukicheza mashindano, endelea. Lakini weka kikomo unachoweza kukishikilia saa nzima. Kucheza na fremu 200 dakika kumi za mwanzo, halafu kadi ikajipunguza ukaanza kuruka kati ya 110 na 160, huko ni kushindwa tu. Na aliyenihakikishia kwamba anaona tofauti kwenye gemu ya mpira, nilimfunika namba ya pembeni akakosea mara tano kati ya nane. (Alinuna, lakini sahani ya viazi karai aliyoniahidi nililipwa.)

Sasa ya kufanya. Mimi nina GTX 1660 Super, kadi ya wati 125. Jumamosi iliyopita saa nane mchana, chumba nyuzi 33, dirisha wazi, nilicheza nusu saa bila kikomo. Fremu zilikuwa kama 140, wati 124, joto 81. Nikaweka kikomo cha 60, nikaacha kila kitu kingine vile vile. Wati 68, joto 62, na feni zikanyamaza mpaka nikasikia adhana. Nyuzi kumi na tisa bila kununua hata bisibisi.

Kikomo chenyewe kiko hivi. Kwanza tafuta ndani ya mipangilio ya gemu, nyingi zinacho siku hizi. Kama hakuna, wenye NVIDIA wameletewa kikomo cha fremu ndani ya paneli ya draiva tangu Januari 2020, kwa hiyo ukiwa na draiva ya baada ya hapo unacho tayari, kinakusubiri tu. Wenye AMD mnacho kwenye programu ya Radeon. Dakika moja, imekwisha.

Ukishaweka kikomo na bado kuna joto, shusha wati zenyewe. Kwenye Windows watu wengi wanatumia MSI Afterburner, unavuta kipimo cha nguvu kutoka asilimia 100 mpaka 75 hivi. Kwenye Linux, ukiwa msimamizi wa mashine, ni mstari mmoja: nvidia-smi -pl 90, na kadi haitapita wati 90 (namba unachagua wewe, kadi ina kiwango chake cha chini itakachokuambia, kwenye laptopu nyingi imefungwa). Utapoteza fremu chache kuliko unavyodhani, kwa sababu ile robo ya mwisho ya umeme huliwa na mwendo mdogo sana wa mwisho. Sababu iko kwenye volti. Umeme unaoliwa na chipu unakwenda kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukishusha volti kwa asilimia 10 tu, mahitaji yanashuka kwa asilimia 19 kwa mwendo ule ule. Kucheza na volti moja kwa moja kunataka uvumilivu na kujaribu kidogo kidogo, gemu ikizimika umeshusha mno, rudi nyuma. Anza na kipimo cha nguvu, kinatosha.

Mwisho ndiyo uje kwenye feni, pesti na kabati. Itoe kompyuta kwenye kabati, tafadhali.

Na wenzangu tunaoandika programu, tusijifiche nyuma ya gemu za Marekani. Mwaka juzi niliandika skrini ya foleni ya ofisi moja, ile ya kuita namba kwa wateja. Kitu kidogo, namba inabadilika kila baada ya dakika mbili tatu. Baada ya mwezi nikapigiwa simu kwamba kompyuta inajizima kila adhuhuri. Nikaenda na uso wa kitaalamu, nikamlaumu aliyeweka kompyuta juu ya friji, nikalaumu vumbi, nikalaumu umeme. Nikarudi nyumbani nikafungua kodi yangu. Ile namba nilikuwa naichora upya bila kupumzika, mara nyingi kuliko nilivyothubutu kuhesabu, kwa namba inayobadilika kila dakika mbili.

Nikaongeza mstari mmoja wa kusubiri. Haijazimika tena, na bado iko juu ya friji. Kwa yule mama wa ofisini bado sijasema kosa lilikuwa la nani.

Yule kijana naye nimemwambia ukweli wote, na imemuuma. Aliyeinunua ile 1060 namjua, yuko huku huku Kisauni, anaichezea kwa fremu 60 na haijazidi nyuzi 70. Nimemwomba amuuzie tena. Bado anafikiria bei.